Chokoleti ya kokoa ya Tanzania: uchachu huu ni sifa au ni kasoro?

#1 Nyayo za Meru (Arusha)

Wakuu, salaam. Ninaongoza watalii, na wageni wangu wa safari iliyopita waliniachia pakiti mbili za chokoleti nyeusi ya asilimia 72. Imetengenezwa Marekani, lakini kwenye karatasi imeandikwa kwamba kokoa yake imetoka Kilombero, Tanzania. Pakiti moja nimeifungua hapa nyumbani Sakina, na nyingine nimempelekea shemeji yangu Moshi.

Ya kwangu ina uchachu wa wazi kabisa, ule wa ukwaju, unaoanza mara tu chokoleti inapolainika na kukaa mpaka mwisho. Shemeji anaapa kwamba ya kwake haina uchachu wowote. Yeye anapata zabibu kavu, na mwishoni karanga zilizokaangwa. Mgeni alinielekeza nisitafune, bali niiweke juu ya ulimi niiache iyeyuke yenyewe, nami nilifuata hivyo. Naomba kufahamu mambo mawili. Je, uchachu huo unaonyesha kwamba chokoleti imeharibika, au ndivyo inavyopaswa kuwa? Na anayetaka kuionja kwa haki anafuata utaratibu gani?

#2 Kijana wa Majengo (Moshi)

Mkuu, Kilombero ninayoifahamu mimi ni soko la hapo kwenu Arusha, na humo nimeona nyanya, mitumba na ndizi. Hiyo kokoa wanailima upande gani wa soko?

#3 Mwana Kyela (Arusha)

Kijana, tuache utani kidogo. Bonde la Kilombero liko mkoa wa Morogoro, na pale Mbingu kuna kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kazi mwaka 2013, ambayo hununua kokoa mbichi kwa wakulima na kuivundika yenyewe mahali pamoja. Watengenezaji wadogo wa Ulaya na Marekani wanaoandika jina la Kilombero kwenye karatasi zao mara nyingi huchukua kokoa kwao. Hata hivyo, tusisahau kwamba nyumba ya kokoa katika nchi hii ni Kyela na jirani zetu wa Rungwe. Watu wanaimba mchele wa Kyela tu, na kokoa wanaisahau.

#4 Mpishi wa Njiro (Arusha)

Ndugu Nyayo, chokoleti nyeusi haiharibiki kwa kuchacha, kwa sababu haina maji ya kutosha kuruhusu vijidudu kufanya kazi. Kinachoipata ni kupoteza harufu, kunyonya harufu za jirani zake, au kuvunjika umbile. Mimi hutengeneza keki na kupaka chokoleti, kwa hiyo nitazungumzia umbile.

Kabla ya kuonja, itazame. Uso wake unatakiwa kung'aa, na ukivunja kipande karibu na sikio usikie mlio mkavu. Mafuta ya kokoa yanaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na fundi analenga umbo la tano, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, yaani chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti nzuri inabaki ngumu mkononi kwa muda lakini ikifika mdomoni inaachia. Ili kulipata umbo hilo, chokoleti nyeusi huyeyushwa hadi nyuzi 45 au zaidi, ikashushwa hadi 28 hivi, kisha ikapandishwa taratibu hadi 31 au 32. Ikiyeyuka ndani ya gari la safari na kuganda tena yenyewe, hurudi ikiwa na utando mweupe na kuvunjika kwa kumeguka badala ya kulia. Utando huo si ukungu wala hauna madhara, lakini chokoleti hiyo itayeyuka vibaya, na ladha yake itafika ulimini kwa mpangilio mwingine.

Swali langu kwako ni hili: pakiti zile zilikaa wapi wakati wa safari?

#5 Mzee Mstaafu (Moshi)

Nimefanya kazi ya kuonja kahawa hapa Moshi kwa ajili ya mnada, na baada ya kustaafu mwanangu anayeishi nje amekuwa akiniletea chokoleti za nchi mbalimbali, basi mazoea ya kazi hayakuniacha. Nitaeleza ninavyofanya, na wenye utaratibu mwingine waongeze.

Onja asubuhi, kinywa kikiwa safi, lakini si mara baada ya kupiga mswaki, kwa kuwa dawa ya meno huharibu kila kitu kwa muda. Usianze baada ya chai ya tangawizi au pilipili, na usijipake manukato. Chokoleti isitoke kwenye friji. Iache ifikie joto la chumba, takriban nyuzi 20 au kuzidi kidogo, kwa sababu ikiwa ya baridi harufu zake zimefungwa na ulimi wako unapata ugumu peke yake. Kama una aina kadhaa, anza na ile nyepesi umalizie na kali, na kati ya aina moja na nyingine kula kipande kidogo cha mkate mkavu, kisha unywe maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi hugandisha mafuta ya kokoa juu ya ulimi, na mtu akifika aina ya tatu anakuwa anaonja mabaki ya aina ya kwanza.

Kata kipande kidogo, inuse sehemu iliyovunjika na siyo uso wake, kisha weka juu ya ulimi. Unaweza kutafuna mara mbili au tatu kuivunja, halafu uiache. Kwa hiyo mgeni wako hakukosea, ingawa kukataza kutafuna kabisa si sheria. Inapoyeyuka, isukume taratibu kwenye kaakaa na utoe pumzi kwa pua huku mdomo umefungwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupita njia hiyo ya nyuma, kutoka kooni kwenda puani. Asiyeamini aibane pua yake wakati wa kuonja. Atapata utamu, uchungu na uchachu peke yake, kisha akiachia pua ndipo maua, matunda na karanga vinapojitokeza kwa ghafla.

Sasa nirudi kwenye hoja ya uzi. Wengi huchanganya mambo matatu. Uchachu huita mate, hasa pembeni mwa ulimi na chini ya taya. Ukakasi hufanya kinyume chake, hukausha mate na kukaza fizi, kama ndizi mbichi. Uchungu hukaa nyuma na kuchelewa kuondoka. Ndugu Nyayo atuambie ya kwake ilimletea mate au ilimkausha, ndipo tuendelee.

#6 Nyayo za Meru

Shukrani, mzee wangu. Ya kwangu inaleta mate, tena mengi. Dada Mpishi, pakiti zilitoka kwenye begi la mgeni siku ya kuagana, na tangu hapo ya kwangu ilikaa kabatini. Hazikupita Serengeti na mimi. Zote mbili zinang'aa na mlio wake ni mzuri.

#7 Binti Sanawari (Arusha)

Nasoma kwa makini, lakini naomba niwe mkweli. Ninaona watu wanatengenezewa maneno ya kuhalalisha bei. Chokoleti ya dukani haina uchachu na kila mtu anaifurahia, watoto kwa wakubwa. Uswisi waligundua chokoleti na wameitengeneza kwa miaka mamia, na yao haina ukwaju. Hii ya wageni ni chachu kwa sababu waliotengeneza ni wanafunzi wa kazi, kisha wakaandika neno Tanzania ili ionekane ya kipekee.

#8 Mwalimu wa Kemia (Moshi)

Binti, heshima kwako, ila historia irekebishwe kidogo. Mti wa kokoa asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wa Meksiko na Amerika ya Kati walikuwa wakiinywa karne nyingi kabla ya Mzungu kuifahamu. Chokoleti ngumu ya kutafuna ilitengenezwa na kampuni ya Fry ya Uingereza mwaka 1847. Waswisi wana sifa mbili kubwa: Daniel Peter alitengeneza chokoleti ya maziwa mwaka 1875, na Rodolphe Lindt mwaka 1879 akabuni mashine ya kusugua chokoleti yenye joto kwa saa nyingi hadi ikawa laini.

Mashine hiyo ya pili ndiyo inayogusa swali letu. Punje za kokoa zinapovundikwa, utomvu mweupe na mtamu unaozizunguka hugeuzwa na hamira kuwa pombe, kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa asidi ya siki. Lundo hupata joto hadi nyuzi 45 au 50, mbegu inakufa, na asidi inapenya ndani yake. Bila hatua hiyo hakuna ladha ya chokoleti kabisa, kwa hiyo uchachu umo ndani ya kila punje iliyovundikwa vizuri. Asidi ya siki huruka kwa joto, na kukaanga pamoja na kusugua kwa muda mrefu huiondoa kwa sehemu kubwa. Asidi ya limau inayotokana na utomvu, na ile inayopatikana pia katika mtindi, haziruki, hivyo hubaki.

Kwa maoni yangu, basi, kipimo kiko puani. Nusa: ukichomwa na harufu ya siki, hiyo ni kasoro ya utengenezaji. Usipochomwa, na uchachu ukawa ulimini tu ukiambatana na harufu ya tunda, hiyo ni sifa ya kokoa yenyewe.

#9 Mwana Kyela

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini ameruka uwanja wa kuanikia. Nyumbani kwetu kokoa huvunwa, tunda linapasuliwa, punje zinafunikwa kwa majani ya migomba kwa siku kadhaa huku zikigeuzwa, kisha zinaanikwa. Atakayefika Kyela atajua mvua ni nini. Unaanika saa nne, saa sita unakimbia kufunika. Kokoa ikikaushwa haraka mno, ganda la nje hukauka kabla ya ndani na asidi hufungiwa humo. Ikikaushwa polepole mno, inapata uvundo wa ukungu. Ikikaushwa juu ya moto wa kuni, inanuka moshi mpaka mwisho wa dunia, na hakuna mashine ya Mswisi itakayouondoa.

Namna ya kujua ni kuikata punje kwa urefu kwa kisu. Ikiwa ndani ni ya kijivu na imeshikana, haikuvundika kabisa. Ikiwa ya zambarau, ilitolewa mapema, na hiyo ndiyo inayoleta ukakasi anaousema mzee. Ikiwa ya kahawia yenye mipasuko mingi, imeiva. Marehemu babu yangu alikuwa akikata punje na kukataa kuuza gunia la jirani kwa jina lake, hata kama bei ilikuwa moja kwa wote.

Msimamo wangu ni kwamba uchachu wa ndugu Nyayo umetoka shambani, kwenye uanikaji.

#10 Kikaango (Moshi)

Nakaanga kahawa, na nimewahi kukaanga kokoa ya rafiki kwa majaribio. Sikubaliani na Mwana Kyela kwa sababu aliyoitaja yeye mwenyewe: kokoa ya Mbingu huvundikwa na kuanikwa mahali pamoja chini ya usimamizi mmoja, kusudi pasiwe na tofauti ya mkulima hadi mkulima. Kama kosa lingekuwa la uanikaji, pakiti zote mbili zingekuwa na uchachu.

Mimi naitazama kazi ya moto. Kahawa tunaipeleka zaidi ya nyuzi 200, ilhali kokoa hukaangwa katikati ya 120 na 140 hivi. Ndani ya nafasi hiyo ndogo kuna maisha mawili. Wenye viwanda vikubwa huchanganya kokoa za mahali pengi na kuzikaanga sana ili ladha iwe ileile mwaka hadi mwaka. Watengenezaji wadogo hukaanga kidogo kwa makusudi, kwa sababu wamelipia tunda na wanataka litokee. Binti Sanawari anadhani uchachu ni uzembe, kumbe ni uamuzi. Zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia inatoka Kodivaa na Ghana, na ladha ya kokoa ile, ikikaangwa sana na kuwekewa maziwa na sukari, ndiyo vinywa vyetu vimeizoea na kuiita chokoleti.

#11 Binti Sanawari

Basi Kikaango, moto ukiwa mmoja na shamba likiwa moja, mbona shemeji wa Moshi amepata zabibu? Nyote mmeeleza uchachu ulikotoka, na hakuna aliyeeleza ulikokwenda.

#12 Kijana wa Majengo

Umekwenda Moshi ukaona joto, ukarudi Arusha.

#13 Mama Rau (Moshi)

Kijana anatania, lakini huenda amegusa jambo. Hapa Moshi tuko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, Arusha wako 1,400. Nimesoma kwamba ndani ya ndege chakula hupungua ladha kwa sababu ya hewa nyepesi. Je, haiwezekani kwamba chokoleti ileile inaonjeka tofauti huku na kule kwa ajili ya mwinuko?

#14 Mwalimu wa Kemia

Mama, ndani ya ndege hewa huweza kuwekwa kama mtu yuko mita 2,400 hivi, tena kuna ukavu mkali unaokausha pua na kelele isiyokoma. Tofauti ya mita 500 kati ya miji yetu ni ndogo mno kuondoa ukwaju wote ukaleta zabibu. La joto, hata hivyo, nalikubali zaidi. Miezi hii Sakina usiku ni sweta na blanketi, na kipande kikitoka kabatini asubuhi kinaweza kuwa na nyuzi 16 au 17. Kinayeyuka polepole, harufu zinachelewa, ulimi unakutana na asidi kwanza. Moshi kipande kilekile kinafika mdomoni kikiwa karibu na kuachia, na kila kitu kinatoka kwa pamoja.

#15 Mzee Mstaafu

Mwalimu, hapo nina wasiwasi. Baridi hupunguza harufu, hilo sawa, lakini mara kipande kinapokaa kinywani kwa nusu dakika kinapata joto la kinywa, awe mtu Sakina au Majengo. Ndugu Nyayo amesema uchachu ulikaa mpaka mwisho. Baridi ingeeleza mwanzo, mwisho isingeueleza.

Ninachokishuku mimi ni waonjaji wenyewe. Katika kahawa tulikuwa na wenzetu wawili wenye uzoefu sawa, mmoja akiita kikombe kikali na mwenzake akikiita chenye uhai, na wote wawili walikuwa na haki. Mtu aliyekulia kwenye maembe mabichi yenye chumvi hausikii uchachu kama anavyousikia mtu wa maziwa.

#16 Mangi wa Mbege (Marangu)

Mzee amesema kweli, na niongeze upande wa uchungu. Sisi tunaotia msesewe kwenye mbege tumezoeshwa uchungu tangu tukiwa wadogo, hivyo chokoleti ya asilimia 85 tunaimaliza bila kukunja uso, huku mgeni wa pwani akiomba maji. Nauliza tu kwa nia njema: je, ya asilimia 85 si bora kuliko ya 72, kwa kuwa ina kokoa zaidi?

#17 Mpishi wa Njiro

Mangi, asilimia haisemi ubora hata kidogo, na swali lako linanipa nafasi ya kusema kinachonikera madukani. Ile namba ni jumla ya vyote vilivyotoka kwenye punje, yaani unga wa kokoa pamoja na mafuta yake, na kinachobaki kwa chokoleti nyeusi karibu chote ni sukari. Watengenezaji wawili wanaweza kuandika 72, mmoja akawa ameongeza mafuta ya kokoa mengi na mwingine asiongeze kabisa. Ya kwanza itakuwa laini na ya upole, ya pili itakuwa kavu kidogo na kali, na namba ni ileile.

Soma orodha ya nyuma badala ya namba ya mbele. Chokoleti inayostahili kuonjwa mara nyingi huwa na vitu viwili au vitatu: kokoa, sukari, pengine mafuta ya kokoa ya ziada. Ukiona mafuta ya mawese au ya mbegu nyingine yametajwa mwanzoni, hiyo ni bidhaa ya kupaka biskuti, na hata ukiiweka ulimini mpaka jioni itaacha utando tu. Sizidharau, nazitumia kwa keki za bei nafuu kwa sababu hazihitaji ule mzunguko wa joto nilioueleza, lakini hazina kitu cha kuonja. Ukiona pia kokoa imetiwa chumvi za jamii ya magadi, fahamu kwamba hizo huua asidi na kuifanya rangi iwe nyeusi zaidi. Ni jambo la kawaida kwenye unga wa kokoa wa kunywa. Ndugu Nyayo, tusomee orodha yako.

#18 Nyayo za Meru

Orodha yangu ina vitu viwili tu, kokoa na sukari. Nimefuata pia kipimo cha Mwalimu, nikainusa sehemu iliyovunjika. Siki sikuipata. Nilipata harufu ya tunda, karibu na plamu zinazouzwa njiani Lushoto.

#19 Mwalimu wa Kemia

Basi kwa upande wangu ni sifa, na kokoa ya Tanzania inafahamika kwa matunda hayo, kama ile ya bonde la Sambirano, Madagaska.

#20 Mwana Kyela

Kwa upande wa Mwalimu tu. Harufu ya siki huweza kuondolewa kwa kusugua na uchachu ukabaki, umesema mwenyewe hapo #8.

#21 Mjukuu wa Machame (Arusha)

Nimechelewa kufika. Mbona hakuna aliyetaja mbegu? Kuna aina tatu za kokoa: Criollo ambayo ni laini na adimu, Forastero ambayo ni kali na ya kawaida, na Trinitario ambayo ni mchanganyiko. Ikiwa ya kwenu ni Trinitario, uchachu wa tunda ni damu yake, na mjadala umekwisha.

#22 Kikaango

Ndugu Mjukuu, mgawanyo huo wa aina tatu bado unatumika kwenye karatasi za chokoleti, lakini mwaka 2008 watafiti wa vinasaba waliigawa kokoa katika makundi kumi, na kile kilichoitwa Forastero kilionekana kuwa koo nyingi tofauti zilizofungwa kwenye gunia moja. Mashamba ya wakulima wadogo, ya hapa na ya kwingineko, yana miti iliyochanganyika sana. Mbegu ina mchango, sikatai, lakini haiwezi kutofautisha pakiti mbili za kampuni moja.

#23 Mama Rau

Samahani kwa kutoka nje kidogo. Mjukuu wangu amempa mbwa wetu wa ulinzi kipande cha chokoleti nyeusi baada ya kusikia mazungumzo haya. Nimeambiwa ni sumu kwao. Ni kweli?

#24 Daktari wa Mifugo (Arusha)

Ni kweli, Mama. Kokoa ina kemikali iitwayo theobromini, ambayo ni sehemu ya uchungu wake, na mwili wa mbwa huivunja taratibu sana kuliko wetu. Chokoleti nyeusi ni hatari zaidi kuliko ya maziwa, na mbwa mdogo yuko hatarini zaidi kuliko mkubwa. Usisubiri dalili. Mpigie sasa hivi daktari wa mifugo aliye karibu nawe, umweleze uzito wa mbwa na ukubwa wa kipande. Akianza kutapika, kuhema haraka au kutetemeka, mpeleke bila kuchelewa.

#25 Mama Rau

Nimempigia. Mbwa ni mkubwa na kipande kilikuwa kidogo kama ukucha, kwa hiyo ameshauri tumtazame kwa karibu usiku huu. Asante, daktari. Mjukuu amelala mapema leo kwa amri yangu.

#26 Mzee Mstaafu

Nafurahi, Mama.

Narudi kwenye pakiti. Maelezo yamekuwa mengi: shamba, moto, joto la chumba, vinywa. Mimi naona tumeanzia mbali kabla ya kuthibitisha kwamba tofauti ipo. Katika kahawa tuna jaribio la vikombe vitatu, na linafaa hapa. Chukua vipande vitatu vinavyofanana kwa ukubwa, viwili kutoka pakiti moja na kimoja kutoka pakiti nyingine, mwonjaji afumbwe macho na atakiwe kukitaja kile kigeni. Atakayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo jaribio lirudiwe kwa watu kadhaa na kwa mpangilio tofauti, na asiyeonja ndiye apange vipande. Wakishindwa kukitambua kigeni, basi chokoleti ni moja na tofauti iko vinywani. Wakikitambua kila mara, tutarudi kwa Mwana Kyela na Kikaango.

Kabla ya hapo, hata hivyo, soma namba ya toleo na mwaka wa mavuno iliyo nyuma ya karatasi. Watengenezaji wadogo hubadilisha ukaangaji kila shehena mpya inapofika, na mavuno ya mwaka mmoja si ya mwaka mwingine. Pakiti mbili zenye sura moja zinaweza kuwa ndugu wa mbali.

#27 Nyayo za Meru

Mzee wangu, nimempigia shemeji. Chokoleti amebakiwa na vipande vinne, nami nina karibu nusu pakiti, hivyo jaribio linawezekana nikishuka Moshi Jumamosi. Namba ya toleo ya kwangu ninayo hapa. Ya kwake haipo tena, kwa sababu karatasi ilikuwa nzuri na kavu, na mke wake ameiwashia jiko.

#28 Binti Sanawari

Ndiyo mwisho wa utafiti.

#29 Mpishi wa Njiro

Si mwisho, Binti. Jaribio la mzee halihitaji karatasi. Ila ndugu Nyayo, vipande vya shemeji vimekaa wazi kwa muda gani, na vimekaa karibu na nini? Kama viko kabati moja na binzari au sabuni ya kufulia, utakuwa unapima kabati. Avifunge sasa hivi kwenye chombo chenye mfuniko, nawe ufanye vivyo hivyo, ili siku hiyo viwe vimelala katika hali moja. Asiviweke kwenye friji, kwa sababu vikitoka humo unyevu wa hewa utatua juu yake, sukari itayeyuka na kuganda tena kama vumbi la chengachenga.

#30 Mwana Kyela

Nami naomba nafasi ya kuonja. Nitaleta punje za nyumbani, zilizokaushwa vizuri, muone tofauti kabla ya mtu wa Marekani kuzigusa.

#31 Kijana wa Majengo

Mimi ndiye wa kupanga vipande, kwa kuwa mzee amesema mpangaji ni asiyeonja, na mimi chokoleti nyeusi siipendi. Vile vitakavyobaki tutamgawia Binti Sanawari ili atupe hukumu.

#32 Mzee Mstaafu

Kijana, kwa masharti kwamba mikono uioshe kwa sabuni isiyonukia. Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Ndugu Nyayo, usinywe chai njiani.